Sifa za Mheshimiwa Kiungulia

Waheshimiwa mlio kwenye meza kuu, wazee wa kanisa, akina mama wa chama, nawe mfawidhi uliyeng'ang'ania maikrofoni tangu asubuhi: itifaki imezingatiwa. Hapa Murang'a tumewahi kuwasifu wabunge, maaskofu, na hata ng'ombe wa jirani anayejaza ndoo. Yupo mmoja ambaye hatujawahi kumwita mbele asalimie watu, ingawa hakuna sherehe anayoikosa. Haji na kadi wala hachangi. Huingia baada ya sahani ya pili, akajiweka nyuma ya mfupa wa kifua, akawasha moto hadi kooni na kuacha uchachu mdomoni. Leo ni zamu yake.

Ninachomsifia zaidi ni kwamba hahongeki. Mkaguzi wa hesabu anaweza kukaribishwa chai, faili ikasahaulika mezani. Mkaribishe huyu chai uone: ndiyo kwanza umemwongezea ushahidi. Na hesabu, hapa kwetu, ni jambo la adabu kuliko la tarakimu. Tunasimulia kwamba wazazi wetu wa kwanza, Gikuyu na Mumbi, walipata mabinti tisa kamili kule Mukurwe wa Nyagathanga, na ukiwataja kwa majina unafika kumi. Mtu aliyelelewa na hesabu hiyo haoni haya kumwambia daktari, "Chai? Kikombe kimoja tu, asubuhi," akaiacha nje ile ya saa nne shambani, ile ya saa kumi, na ile aliyokunywa ili mgeni asijione mpweke. Daktari huandika kimoja. Kiungulia huandika vyote, pamoja na sukari.

Ukiitazama kaunti hii kutoka juu hadi chini utadhani ilipimwa na kugawanywa kwa ajili yake. Juu, kwenye miteremko ya Aberdare, kuna majani chai ya Kanyenyaini na Gatunguru. Ukishuka kidogo unapata kahawa. Kandara kuna parachichi, tunda lenye mafuta ambalo huku hatulihesabu kuwa tunda bali mwenzake githeri. Ukiteremka kuelekea Thika unakuta mananasi, na ukivuka Sagana ukafika sokoni Karatina, nyanya na vitunguu vimepangwa mafungu mafungu. Karibu washukiwa wote wanaotajwa na madaktari ni majirani zetu, na wengine ndio wanaotulipia karo. Nani atathubutu kuwafukuza bila ushahidi?

Ushahidi wa wataalamu tunao, tatizo ni kwamba haumhusu mtu mmoja mmoja. Mwaka 1931 John Boyd Orr, Mskoti aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, pamoja na John Gilks aliyeongoza idara ya tiba ya koloni, walichapisha utafiti uliowalinganisha Wagikuyu na Wamaasai: hawa wala nafaka, viazi na kunde, wale wa maziwa, nyama na damu. Wamaasai walionekana warefu na wazito zaidi, na sahani yetu ikalaumiwa kwa upungufu wa kalisi. Ni kazi maarufu. Lakini hutapata humo kwa nini shangazi yako anakula pilipili huku akicheka, ilhali wewe ukionja kachumbari unaamka usiku wa manane kutafuta maji.

Hata kuhusu kiungulia chenyewe mambo ni hayo hayo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walipitia tafiti za miaka mingi wakaona kwamba kupunguza uzito na kuinua upande wa kichwa wa kitanda kunasaidia. Kuhusu kuacha chakula fulani, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kunamfaa kila mgonjwa. Kwa hiyo ile karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, ambayo kila mwenye tumbo bovu ameandikiwa na mtu fulani, ni orodha ya washukiwa tu. Hakimu ni Mheshimiwa, na kesi huisikiliza ndani ya kifua chako peke yako.

Chukua kesi ya githeri. Mwalimu ambaye tuseme anaishi Kahuro anaungua kila usiku, na mji mzima umeshatoa hukumu: ni maharagwe. Anaacha githeri. Anahamia wali na chapati, na moto unaendelea kuwaka, sasa ukiwa na gharama zaidi. Mheshimiwa hakukosea, yeye alitoa taarifa kwa saa, ni mwalimu aliyesoma sahani. Githeri ile ile ya kuchemshwa, ikiliwa saa saba mchana, haikuwahi kumsumbua. Iliyomsumbua ni ile iliyokaangwa kwa mafuta mengi, ikaliwa saa tatu usiku huku taarifa ya habari ikisomwa, na mlaji akapanda kitandani kabla taarifa haijafika kwenye michezo. Pale umio unapokutana na tumbo pana msuli wa duara unaofunga njia. Mafuta huulegeza na kulichelewesha tumbo kumwaga shehena yake. Tumbo lililojaa husukuma kutoka chini. Na mtu akilala chali, asidi haina tena mlima wa kupanda. Sisi watu wa miteremko tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine wote.

Na angalia jinsi anavyopenda kazi zetu. Unakunywa uji, unajifunga leso ikakaza kiunoni, unaenda kuinama kwenye mistari ya kahawa. Yumo. Jioni mgongo unauma, unameza bila chakula vidonge viwili vya maumivu ulivyonunua dukani pamoja na mkate. Yumo, na safari hii vidonge vyenyewe vinalichoma tumbo. Utaapa kwa jina la mama yako kwamba ni ule uji. Uji wa watu hauna kosa lolote.

Mheshimiwa hana haja ya mashine wala maabara. Anachotaka ni daftari la shule la mistari, safu nne: umekula nini, saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini baadaye, na yeye amekuja saa ngapi. Ukishaona anayetajwa mara nyingi, mwondoe huyo peke yake wiki mbili, kisha mrudishe utazame. Watu wengi hawalipendi hili la kumrudisha. Wakipata nafuu hubaki wamekiogopa chakula kisicho na hatia mpaka uzeeni. Wengine huondoa vitu saba Jumatatu moja, wakapona Alhamisi, wasijue ni kuondoa kipi kulikowaponya. Na mwenye kumwondoa mshukiwa huku akiendelea kula saa nne usiku anampotezea Mheshimiwa muda wake.

Usiku pia ana mapendeleo yake. Ukimpa saa mbili au tatu kati ya chakula na kitanda, hupungua sauti. Ukilalia ubavu wa kushoto, tumbo hukaa chini ya mlango wake na asidi hubaki huko. Vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kama sentimita 15 hadi 20, hufanya kazi kuliko rundo la mito, kwa sababu mito humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo alilokusudia kulipumzisha.

Nisiwasahau maadui zake. Yupo magadi ya kupikia, ambaye hukutana na asidi, akatoa gesi, mtu akacheua kwa furaha na kudhani vita vimekwisha. Saa moja baadaye Mheshimiwa yuko pale pale. Na lipo jina la ulsa, tunalombandika kila mtu anayeshika tumbo. Vidonda vya tumbo vipo kweli, na vingi huletwa na bakteria: Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984, akaugua, na mwaka 2005 akapata Nobel pamoja na Robin Warren. Bakteria huyo hupimwa na hutibiwa. Kumtangaza bila kipimo, na kununua dawa za kuua vijidudu kwa kukisia, ni kumkosea adabu bakteria na Mheshimiwa kwa pamoja.

Hapa sifa zangu zinashusha sauti kidogo, maana kuna wanaotumia jina lake. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho na pumzi kukatika, si yeye. Huenda ni moyo, na ni hospitali sasa hivi. Chakula kukwama kooni, uzito kupungua bila sababu, kutapika damu au choo cheusi kama lami navyo havisubiri daftari. Kenya iko katika ukanda wa mashariki mwa Afrika ambako saratani ya umio ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi duniani, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Ile chai tunayoinywa ikiwa bado inachemka, tukijisifu kwamba koo letu ni la mlimani, ingoje ipoe kidogo. Haitaondoka.

Basi Disemba inakuja, na kwenye ruracio, sherehe ya mahari, hakuna mtu aliyewahi kuikataa sahani ya pili akabaki na heshima mbele ya wakwe. Mukimo umepakuliwa, mutura umekatwa, na mama mkwe amesimama juu yako na mwiko. Shiba si udhuru hapo, lishe bora ndiyo kabisa. Lakini ukishika kifua na kulitaja jina la Mheshimiwa, atarudisha mwiko kwenye sufuria, kwa sababu naye anamfahamu, na jana usiku walikesha wote. Kisha uombe ufungiwe ya kula kesho mchana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo njoo na hotipoti yako.