Barua ya wazi kwa wakuu wa gofu: tuazimeni handikapu

Waheshimiwa,
The R&A,
St Andrews, Uskoti.

YAH: OMBI LA KUAZIMWA HANDIKAPU KWA MATUMIZI YA MAHINDI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Majengo, Songea, mkulima wa mahindi. Majengo hatuna uwanja wa gofu. Mjini tuna Uwanja wa Majimaji, ambako mpira ni mkubwa na unapigwa kwa mguu. Gofu niliijulia Dar es Salaam ujanani, nikibeba mikoba ya wachezaji. Mheshimiwa alitangulia mikono mitupu, nami nikafuata na fimbo zake kumi na nne. Nilirudi kwetu na vitu viwili tu: bega la kulia lililoshuka, na heshima kubwa kwa handikapu.

Majirani zangu watakaosoma barua hii hawaijui, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Handikapu ni namba anayopewa mchezaji ili hodari na mzembe waweze kushindana. Hodari hapunguziwi kitu, au hupunguziwa kidogo. Mzembe hupunguziwa mikwaju mingi, na namba yake inaweza kufika 54. Tangu mwaka 2020 ninyi na wenzenu wa Marekani, USGA, mmeiweka mifumo sita iliyokuwapo chini ya mwavuli mmoja wa dunia nzima. Mnachukua raundi 20 za mwisho za mtu, mnahesabu 8 zilizo bora, na zile 12 mnazisahau. Huruma ya namna hii sijaiona popote. Huku kwetu ukifanya mema 19 na kosa 1, ndilo hilo moja litakalosimuliwa msibani kwako.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni baridi. Nimejifunza kwamba kwenu baridi ikiingia na mpira ukaanza kunata kwenye tope, ipo kanuni ya mahali, E-3, inayoweza kumruhusu mchezaji kuuokota, kuufuta na kuuweka pazuri, ndani ya inchi sita au urefu wa fimbo, kama kilabu itakavyoamua. Nchi za theluji zinaweza hata kutangaza miezi isiyohesabika, ambayo matokeo yake hayagusi handikapu ya mtu. Na ipo hesabu ya hali ya siku. Jioni zikipatikana kadi zisizopungua 8, mfumo unatazama kama wachezaji wamepiga vibaya kuliko kawaida yao. Ukiona hivyo, unakiri kwamba kosa ni la siku, wala si la watu, na katika hesabu kila mmoja anapunguziwa 1, au 2, au hata 3. Mheshimiwa analala, anaamka asubuhi amesamehewa.

Sisi nasi tuna kipupwe. Juni na Julai ukungu unashuka kutoka Matogoro, unakaa mjini kama mgeni asiyeaga, na jua linaamka saa nne. Bahati mbaya ndiyo miezi yetu ya kuvuna na kuuza. Mahindi yanalala kwenye turubai yakijikunja kwa baridi, huku kipimo cha unyevu kikitaka yasizidi asilimia 13.5.

Msimu mmoja nilikodi Kirikuu, nikapeleka magunia yangu kwenye kituo kimoja cha kununulia, ambacho jina lake nitakisitiria. Kijana akachoma gunia kwa bambo, akamimina punje kwenye mashine, akasoma: 14.5.

“Mzee, hayajakauka. Kayaanike.”

Nyuma yangu walikuwapo wenzangu tisa. Wote wakasomewa hukumu ileile. Kadi kumi, waheshimiwa! Ninyi kwa nane tu mngekwisha kukaa kuitafakari siku yenyewe. Sisi tulitafakariwa na mnunuzi mmoja aliyesimama nje ya geti na mzani wake. Yeye hapimi unyevu wa mahindi. Anapima haraka uliyo nayo, na bei yake inashuka kadiri haraka yako inavyopanda.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, hesabu ya hali ya siku. Wakulima wanane wakikutwa na mahindi mabichi siku moja, iandikwe rasmi kwamba uliochelewa ni msimu, wala si wakulima wanane waliogeuka wavivu usiku mmoja.

Pili, Kanuni E-3. Niruhusiwe kuyaokota mahindi yangu, kuyaanika, na kuyarudisha ndani ya inchi sita za pale nilipokuwa kwenye foleni. Kwa sasa narudi mwisho wa foleni, kwa nauli ya pili.

Tatu, breki. Handikapu ikipanda pointi 3 juu ya kiwango chake cha chini kabisa cha miezi 12, mnaipunguza kasi. Ikifika 5 mnaizuia kabisa. Breki hiyo tuifunge kwenye bei ya mbolea. Ilipopaa miaka ile, serikali ilileta ruzuku mwaka 2022, nasi tulishukuru. Lakini breki ya kudumu ni bora kuliko kusukumwa ukiwa tayari mtaroni.

Nne, mwezi usiohesabika. Napendekeza Januari, yenye sare, madaftari, palizi na mbolea ya kukuzia. Wanaonidai waicheze kama mazoezi.

Najua mtanijibu kwamba sumukuvu haina handikapu. Ni kweli. Mahindi mabichi yakiingia ghalani yanaota kuvu, na mwaka 2016 sumu yake iliua watu Dodoma na Manyara. Siombi 14.5 isomwe 13.5. Hata kwenu aliyepiga mikwaju 95 haandikiwi 90, na shimo halisogezwi liufuate mpira. Kadi inabaki na ukweli wake. Mlichokubaliana ni kwamba baridi ni mzigo, na mzigo huo asitupiwe mtu mmoja. Mimi naomba hicho tu: mashine iseme kweli, halafu mtu mwingine ashike upande wa pili wa gunia.

Mzigo naufahamu, waheshimiwa. Enzi zangu, mvua iliponyesha, mchezaji alikuwa na udhuru wake tayari hata kabla ya kupiga. Mkoba nao ulinyonya maji ukazidi uzito, lakini ujira wangu ulibaki uleule. Hakuna aliyeuliza handikapu ya aliyebeba. Nikiwa pale kwenye geti, na gunia la 14.5 begani, bega lile lile la kulia, niliona kwamba sijawahi kuacha kazi ile. Nimebadilisha mkoba tu.

Mkihofia udanganyifu, najua hata kwenu wapo wanaojifanya dhaifu ili wabebe vikombe. Huku hatuna haja ya kujifanya.

Naomba kuwasilisha.

Mkulima wa Majengo, Songea
Handikapu: 54, kwa makadirio yangu mwenyewe

Nakala kwa:
Ukungu wa Matogoro – kwa taarifa
Jua – kwa utekelezaji