Namna ya Kukagua Kidude cha Sauti Tunduma Bila Kuibiwa Masikio

Mwaka 2016 Songwe, mkoa wenye mji wetu wa Tunduma, ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, makao makuu yakawekwa Vwawa. Mwezi Juni mwaka huohuo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikazima simu bandia nchi nzima. Septemba, Apple ikatoa iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni, na kampuni nyingine zikafuata moja baada ya nyingine. Samsung ikaliondoa kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019. Dhidi ya ubandia, simu ilikuwa na njia ya kujitetea: unabonyeza *#06#, unapata namba yake ya utambulisho, unaihakiki. Kidude cha kuchomekea hedifoni hakina namba yoyote ya kuhakiki. Hakimu pekee ni sikio lako, na sikio halina budi kufundishwa kazi kabla hujatoa pesa mfukoni.

Tuanze na kidude chenyewe. Wimbo ndani ya simu umehifadhiwa kama tarakimu. Lazima kuwe na chipu inayozigeuza kuwa umeme unaotikisa hedifoni. Mafundi huiita DAC. Zamani chipu hiyo ilikaa kimya ndani ya simu, nyuma ya tundu la duara. Tundu lilipoondolewa, kazi ikahamia kwenye kipande kifupi cha waya chenye kichwa cha Taipu-C upande mmoja na tundu upande mwingine. Hicho ndicho kinachoning'inia kwenye meza za vifaa vya simu, kati ya chaja na makava.

Kabla ya kuuliza bei, pindua simu yako uitazame chini na juu. Tecno, Infinix na itel nyingi za bei ya kawaida bado zina tundu la hedifoni. Kama lako lipo na linafanya kazi, hongera, DAC unayo tayari na umeshailipia. Rudi nyumbani. Muuzaji atakuita "bosi" mara mbili zaidi. Mwitikie kwa heshima, kisha endelea na safari.

Kama tundu halipo, chukua boksi, lisome lote mpaka mwisho, kisha liweke chini. Litakuwa limeandikwa biti 32 na kilohezi 384, pengine kwa herufi za dhahabu. Sidi iliyoingia sokoni mwaka 1982 hutumia biti 16 na kilohezi 44.1, na kipimo hicho kinatosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu linaweza kuzidaka, yaani mpaka karibu kilohezi 20. Hilo ni sikio la kijana. Umri ukisogea, sauti za juu hupotea zenyewe. Halafu fikiria nyimbo ulizojaziwa kwenye memori kadi, zilizobanwa mpaka kilobiti 128 kwa sekunde ili ziingie nyingi. Kilichokatwa wakati wa kubana hakirudishwi na kidude chochote, hata kiandikwe tarakimu ngapi. Boksi linaeleza uwezo wa chipu kwenye karatasi, wala halisemi lolote juu ya umeme mchafu, waya mwembamba au pini iliyolegea.

Swali la maana boksi halilijibu: ndani kuna chipu kweli? Vidude vya namna mbili vinafanana kama mapacha. Cha kwanza kina chipu yake. Cha pili ni waya mtupu: kinategemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa, ikiipitisha kwenye tundu la chaja. Simu chache zinafanya hivyo; nyingine hazifanyi kabisa. Ndiyo maana muuzaji anachomeka kwenye simu yake, muziki unatoka vizuri, wewe unafika nyumbani, kimya. Na huenda hakukudanganya. Simu yake ni ya aina ile, yako siyo.

Kwa hiyo sema bila aibu: "Kaka, naomba nijaribu kwenye simu yangu, kwa hedifoni zangu." Akikataa, meza inayofuata haiko mbali, mji huu unaishi kwa biashara. Akikubali na kidude kisiitike, usikihukumu haraka. Baadhi ya simu, kama Oppo na Realme, zina swichi ya OTG (ya kuruhusu vifaa vya kuchomekwa) kwenye mipangilio ambayo lazima uiwashe kwanza, na hujizima yenyewe ikikaa bila kazi. Kama jirani ana kompyuta yenye tundu la Taipu-C, chomeka hapo: chenye chipu kitatokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti, cha waya mtupu hakitatokea.

Sasa kusikiliza. Usisikilizie barabarani. Hapa malori ya Zambia na Kongo yanapiga honi, boda boda zinapita katikati yake, na kila duka lina spika mlangoni. Kwenye kelele hiyo kila kidude ni kizuri, kwa sababu umekiongezea sauti mpaka mwisho. Omba uingie ndani ya duka, mlango urudishwe, au muombe muuzaji akupe muda usogee kwenye ukumbi wa mgahawa uliotulia, ukimwachia pesa yake kama dhamana.

Anza na ukimya. Chomeka, simamisha wimbo, sikiliza. Ukisikia "shhh" kama mvua ya mbali, hiyo itakaa na wewe kila sauti ya wimbo ikipungua. Cheza tena, simamisha tena: vidude vingine hulala kila muziki ukikatika na kuamka na "tik". Kwa muziki mfululizo si neno; kwa mahubiri au kitabu cha kusikiliza, chenye vituo vingi, utachoka siku ya kwanza. Kisha washa data na umwambie mtu akupigie. Kidude kisichokingwa vizuri kitatoa mlio wa "trrr trrr" masikioni. Mpakani jaribio hili lina uzito wa pekee, maana simu huhangaika kati ya minara yetu na ya Nakonde, upande wa Zambia, na inapotafuta mtandao hutoa nguvu zaidi.

Ndipo muziki. Chagua wimbo unaoujua kuliko jina la shemeji yako. Mimi nashikilia dansi: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au sebene yoyote ya Franco na TPOK Jazz. Magitaa kadhaa yanazungumza kwa pamoja, na kidude kibovu huyavuruga yakawa sauti moja ya uji. Fuata gitaa la rithimu peke yake kwa dakika nzima. Ukiweza kulifuata bila kulipoteza, kidude kinafanya kazi yake. Halafu punguza sauti mpaka karibu na sifuri: masikio mawili bado yanalingana, au upande mmoja umekufa kwanza?

Ukilinganisha viwili, hakikisha vinapiga kwa ukubwa uleule wa sauti. Hili ndilo linalowapoteza wengi, kwani kinachopiga juu kidogo huonekana kitamu zaidi, na wauzaji wazoefu wanalijua. Geuka, mwenzako avibadilishe bila kukuambia kipi ni kipi. Usipoweza kutofautisha, chukua cha bei ya chini kwa moyo mweupe. Kile cha Apple cha Taipu-C, kilichotoka 2018 kwa dola 9, kinasifiwa kwa usafi wa sauti, lakini kwenye simu nyingi za Android sauti yake hutoka ndogo. Ijue hiyo kabla hujafikiri umeuziwa kibovu.

Wasikilizaji wa redio, tafadhali someni hapa mara mbili. Redio ya FM kwenye simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Ukipitia kidude chenye chipu, mara nyingi njia hiyo ya antena haipo, na programu ya redio itakuambia uchomeke hedifoni wakati umezichomeka. Kama siku yako huanza na taarifa ya habari shambani Mbozi, kwenye kahawa, usitupe kisimu chako cha zamani chenye tundu.

Kidude kikiwa kizuri, bado kuna kikomo cha kusikiliza: Shirika la Afya Duniani linakiweka kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Dereva anayesubiri kuvuka anajaribiwa kuzidisha sauti ili afunike injini za jirani. Nawaomba sana wenzangu wa kwenye foleni: tafuteni hedifoni zinazoziba sikio vizuri, kelele ibaki nje, sauti ibaki chini. Sikio likishaharibika ndani haliponi.

Mwisho kagua shingo ya waya. Kidude kigumu kisicho na waya, kikiwa mfukoni na mtu akikaa, huligonga tundu la chaja kutoka ubavuni mpaka lilegee, na simu isiyo na tundu jingine itakosa muziki na chaji kwa pamoja. Chukua chenye waya mfupi unaopinda, uliosokotwa kwa nje, kisha kabla ya kulipa mpigie mtu wa nyumbani kupitia hedifoni hizohizo umuulize kama anakusikia, kwa sababu maikrofoni nayo hupita humohumo.