Aliyenunua Umeme Tarehe Mosi

Ukitaka kuijua historia ya nyumba ya kupanga hapa Kasulu, usimuulize mwenye nyumba. Soma karatasi aliyoibandika koridoni. Kila sharti lina mpangaji wake aliyekwishahama. "Ni marufuku kutwanga kisamvu baada ya saa tatu usiku." Hapo aliwahi kukaa mtu mwenye kinu na asiye na usingizi. "Baiskeli isiingizwe ndani na matope." "Mgeni asizidi siku tatu, hata akiwa shemeji." Hilo la shemeji limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, na sisi tuliokuja nyuma hatujapata wa kutusimulia.

Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma: vyumba sita, bomba moja uani, choo kimoja na mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Hiyo mita ndiyo imetufanya ukoo.

Nilipokuwa Kibondo mambo yalikuwa mepesi. Umeme ulitoka kwenye majenereta. Ukikatika tulilaumu dizeli, tukalala kwa amani. Mwaka 2015 Warundi walipokimbilia kwetu kwa wingi na kambi ya Nduta ikafunguliwa tena, mji ulijaa magari meupe ya mashirika, na chumba kikawa cha kutafutwa kwa tochi. Mwenye nyumba wangu alibandika vigae chooni, kisha akaniita kwa heshima zote: "Mwalimu, choo hiki sasa kimekuzidi." Ndivyo nilivyohamia Kasulu. Mwaka 2022 gridi ya taifa ilipofika huku, majenereta yakapumzika, na lawama zikakosa pa kwenda. Zikahamia koridoni.

Mita ya nyumba ndogo ina siri yake. Mkiwa kwenye kundi la watumiaji wadogo na msipovuka uniti 75 kwa mwezi, mnauziwa kwa bei nafuu. Mkivuka, bei inaruka zaidi ya maradufu. Uniti 75 zinamtosha mtu mmoja mwenye taa na redio. Sisi ni kaya sita, na Kasulu ni mlimani. Mwezi Juni ukijimwagia maji ya bomba asubuhi, unawakumbuka wazee wako wote waliotangulia. Kwa hiyo hita za kuchemshia maji zimepigwa marufuku, na kwa hiyo kila chumba kina hita.

Jioni moja umeme ulikatika nyumba nzima. Tukatoka na tochi za simu, kila mmoja akiapa kwamba yeye alikuwa anachaji simu tu. Fundi cherehani wa chumba cha nne naye alitoka na kiapo hichohicho, povu la sabuni likimtiririka kichwani na mvuke ukimtoka mabegani. Mama wa chumba cha kwanza, Muha wa zamani asiyependa kumwaibisha mtu, alimtazama akasema, "Pole baba, simu yako imechemka sana."

Lakini hita ni ugomvi wa msimu. Ugomvi wa kudumu ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 serikali huikata kwenye LUKU: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Maana yake, atakayenunua umeme wa kwanza ndiye anayewalipia wote, pamoja na mwenye nyumba. Tangu tugundue hilo, hakuna nyumba yenye subira kama yetu. Tarehe 30 watu hununua umeme kama wanaoweka akiba ya njaa. Tarehe mosi hadi tano tunakula mapema, tunalala mapema, na anayewasha pasi anatazamwa kama mchawi.

Tulimfuata mwenye nyumba tukamweleza, kwa adabu, kwamba serikali ilishasema kodi hiyo ni ya mwenye jengo na mpangaji ana haki ya kurudishiwa. Alitusikiliza vizuri sana, akatukaribisha kahawa. Mikataba ilipohuishwa, kila chumba kilikuwa kimepanda shilingi 2,000 kwa mwezi. Zidisha kwa sita, utaona jinsi haki yetu ilivyozaa.

Masharti hayako kwetu tu. Nina rafiki aliyekulia kambi ya Nyarugusu, hapahapa wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Sasa yuko Marekani, ghorofani, na masharti yake ni kijitabu. Nguo zisianikwe barazani. Mkaa usiwashwe. Gari likiegeshwa pasipo pake linavutwa, na kulikomboa ni kwa pesa yako. Siku alipokaanga dagaa wa Kigoma kwa mawese, king'ora cha moshi kililia, na jengo zima likashuka chini kwenye baridi na nguo za kulalia. Yeye alishuka na kikaango, maana dagaa wale walikuwa wametoka mbali. Nikamwambia hata kwetu harufu ya dagaa huwatoa watu ndani, ila hutoka na sahani.

Na sisi Tanzania tumeendelea. Bunge lilipitisha sheria ya kumiliki sehemu ya jengo mwaka 2008, na Dar es Salaam wenye ghorofa wanaweza kuunda chama wakagombania lifti. Sisi tunagombania bomba, na chama chetu hukutana pale kila alfajiri, ndoo zikiwa wajumbe.

Hatimaye mwenye nyumba akaongeza sharti jipya: kodi ya LUKU italipwa kwa zamu, kuanzia chumba cha kwanza. Tukapiga makofi. Zamu ikaenda vizuri hadi ilipokikaribia chumba cha nne. Usiku wa kuamkia tarehe mosi, fundi alipakia cherehani na hita yake kwenye bajaji, akahama.

Asubuhi karatasi ilikuwa na mstari mpya, wino ungali mbichi: "Mpangaji haruhusiwi kuhama mwisho wa mwezi."