Sifa za Mwizi wa Mvunguni

Washairi wetu wamesifu masultani, manahodha, warembo, timu za mpira, na wanasiasa ambao umaarufu wao ulikwisha kabla wino haujakauka. Sijaona aliyemsifu mtoto wa mbwa anayeiba ndala na kukimbilia nayo mvunguni. Nadhani ni husuda tu. Ana sifa zote tunazozipigia makofi kwa wanadamu: anaamka mapema, anajua thamani ya kitu, hana makuu katika malazi, na akikamatwa hawataji wenzake.

Wetu anaitwa Bosi, jina alilopewa kabla hatujajua litamfaa kiasi gani. Mama yake ni mbwa koko wa mtaa wa pili, baba hajatajwa. Katika nyumba yetu hapa Dar es Salaam amekwisha kuchukua, kwa nyakati mbalimbali, mwiko, rimoti, chaja ya simu, kofia, mfuniko wa chupa ya chai, na sidiria aliyoitembeza uani mbele ya wageni wa kikao cha harusi, kwa hatua za taratibu, kama mshika bendera. Mfupa wa mpira tuliomnunulia dukani haujawahi kuibwa hata siku moja.

Wasiomwelewa husema anabeba ovyo. Si kweli, huyu ni mteuzi. Weka soksi mbili, moja imetoka kuanuliwa kambani na nyingine imeshinda kutwa ndani ya kiatu: ile ya kwanza ataipita bila kuitazama. Pua ya mbwa inakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300, yetu ina milioni 5 au 6. Kwa hiyo soksi unayoivua kwa aibu, yeye anaikuta imejaa habari zako: umetoka wapi, umekanyaga nini, jasho limekutoka kiasi gani. Ni nani mwingine nyumbani kwako aliyekupenda mpaka kwenye soksi?

Na tusijifanye hatujui tabia hii imetoka wapi. Mbweha, jamaa wa mbwa wa porini, akipata nyama ya ziada huifukia ardhini, akaja kuila baadaye. Wanadamu nao wakachochea. Huko Uskoti, mwaka 1868, tajiri mmoja, Lord Tweedmouth, alianza kuzalisha mbwa ambao leo wanaitwa golden retriever. Kazi yao ilikuwa kumwokota ndege aliyepigwa risasi na kumleta mdomoni bila kumchubua. Yaani watu walitoa fedha na miaka kupata mbwa anayependa kubeba vitu. Sisi tumempata bure, tunalalamika. Tofauti ni moja tu: wa Lord huleta, wetu hupeleka.

Lipo na suala la meno, ambalo mahakama yoyote yenye huruma ingelizingatia. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na kuanzia mwezi wa tatu au wa nne huanza kung'oka kupisha 42 ya ukubwani. Kazi hiyo huendelea mpaka mwezi wa sita au wa saba, na muda wote huo fizi zinamwasha. Anatafuta kitu cha kutafuna, na mguu wa kochi uko pale pale, haumkimbii. Kitambaa kibichi kilichogandishwa kwenye friji kinamtuliza vizuri zaidi, ila asiachwe nacho peke yake. Kiatu chakavu usimpe hata kwa huruma. Ukimpa kiatu cha zamani umempa viatu vyote, maana hajui kipi umekistaafisha na kipi unakwenda nacho kanisani.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni kuikusanya familia. Siku hizi kila mtu ana simu yake na kona yake. Bosi akitoka jikoni na mwiko, hapiti mbio. Anatembea, masikio kayalaza nyuma, jicho la pembeni likipeleleza nani amemwona. Kama hakuna, anasimama. Anageuza shingo mpaka mwiko ugonge mguu wa meza, ta! Hapo mke wangu anapiga ukelele, mtoto anaruka na ufagio, bibi anatoa amri akiwa mkekani, nami naacha gazeti. Tunazunguka meza, tunagongana mlangoni, na mwisho unaonekana mkia tu ukiishilia mvunguni. Sisi tunaona tumemwadhibu. Yeye amelipwa mshahara.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa kwamba tabia inayotuzwa mara moja moja, bila ratiba, ndiyo ngumu kukoma. Wahenga walilijua hilo bila njiwa: mchovya asali hachovyi mara moja. Nyumba inayompuuza mwizi Jumatatu na Jumanne, kisha Jumatano ikamkimbiza na ufagio, imemfundisha subira.

Ndiyo maana Bosi hatibiwi kwa mbio, anatibiwa kwa biashara. Unakaa chini, sauti ya kawaida, unanyoosha mkono wenye kipande cha maini ya kuku. Anatazama maini, anatazama rimoti, anapiga hesabu. Rimoti inaanguka. Anakula, unamsifu, na kama alichobeba hakina madhara unamrudishia mara nyingine, ajue kuwa kuachia si kunyang'anywa. Neno “acha” anafundishwa siku za amani, kwa vitu vya bei rahisi, si siku amebeba simu. Mfanyabiashara huyu lakini ni mjanja: akigundua rimoti ina soko, ataiba ili auze. Dawa ni kumtuza pia pale anapolala na mfupa wake wa mpira bila kumsumbua mtu, na hilo ndilo tunalosahau wote, kwa sababu mbwa aliyetulia hapigi kelele kudai chake.

Wasioamini biashara humvuta mguu atoke mvunguni, au humpanua taya kwa nguvu. Hao ndio wanaomfundisha kuunguruma, na baadaye kuuma, au kumeza haraka kabla hawajafika. Hapa kejeli ikae pembeni kidogo: soksi iliyomezwa inaweza kuziba utumbo, na betri, vidonge, chokoleti, zabibu na bazoka isiyo na sukari yenye zailitoli ni vitu vya kumkimbiza kwa daktari wa mifugo bila kusubiri dalili.

Turudi kwenye sifa. Mke wangu alihubiri kwa miaka kwamba viatu vikae kwenye rafu, nguo chafu ziingie kapuni, na mlango wa chumbani ufungwe. Tuliitikia “sawa” na kuendelea na maisha. Bosi hakuhubiri hata kidogo. Alikula kisigino cha kiatu cha ofisini, na jioni hiyo hiyo rafu ikajaa. Kapu likapata mfuniko. Mvungu ukazibwa kwa masanduku ambayo kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake ayapange.

Hata ujirani ameuhudumia. Alipita chini ya uzio akarudi na ndala ya mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa anajiandaa kwenda msikitini. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa Waislamu wa pwani hii huyafuata, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa maji na udongo. Mzee alinieleza hayo kwa upole ulionitia haya kuliko matusi. Nilimnunulia ndala mpya, uzio ukazibwa siku hiyo, nasi ambao tulikuwa tukipungiana mikono tu sasa tunajuliana hali ya watoto.

Watu wa Uingereza wana mbwa wao wa kujivunia. Mwezi Machi 1966 Kombe la Dunia la Jules Rimet liliibiwa London, polisi wakahangaika, na wiki moja baadaye mbwa aitwaye Pickles akalinusa karibu na ua wa miti, limefungwa kwenye gazeti. Alipata tuzo na akacheza filamu. Nampongeza, ingawa kurudisha ni kazi rahisi. Hajawahi kushika mali yenyewe. Kombe hilo liliibiwa tena Rio de Janeiro mwaka 1983 na halijaonekana hadi leo.

Bosi sasa anakaribia mwezi wa saba. Meno yametimia, analala sana, na kila akichokozwa na mwiko hutazama kwanza kama kuna maini. Nyumba imeanza kuharibika. Juzi soksi ya mwanangu ilikaa sebuleni tangu asubuhi mpaka usiku bila mtu wala mbwa kuigusa, na rafu ya viatu ina nafasi tele tena. Mke wangu amepeleka habari mtaa wa pili kwamba yule mbwa koko akizaa tena, tuwekewe mmoja, na asiwe mpole.