Mhadhara wa Bingwa wa Lishe Kuhusu Chipsi Mayai

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, nanyi mliofuata posho: itifaki imezingatiwa. Mimi ndiye bingwa wa lishe wa mtaa huu, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mshindani. Leo nawafundisha kula vinono bila kuidhuru afya.

Fundisho la kwanza: vinono ni vya siku maalumu. Hapo sina mzaha. Chipsi mayai nala Ijumaa tu, kwa kuwa wiki imekwisha. Jumatatu nala kwa kuwa wiki imeanza na mwili unataka nguvu. Katikati hapo hakukosekani kipaimara, mahafali, kikao cha harusi, au keki ya mfanyakazi mwenzangu ambaye nikimkatalia atanuna. Siku zilizobaki najinyima kabisa.

Fundisho la pili: mboga. Kiazi kimetoka ardhini, basi ni mboga. Mtazameni kijana wa bandani: anachota chipsi kwenye kabati la kioo, anazitia kikaangoni, anazimwagia mayai mawili yaliyopigwa, anafunika kwa sahani na kupindua. Chipsi zilizokwisha kuogelea mafuta zinaogelea tena. Naam, gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali ya wanga ina 4. Lakini pembeni kuna kachumbari! Vipande vitatu vya nyanya hufuta madhambi yote.

Fundisho la tatu: soda. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Ikishuka hadi 25, heri zaidi. Soda ya mililita 350 peke yake ina kama gramu 35. Mimi naiagiza ya baridi, kwani kinachonenepesha ni joto.

Fundisho la nne: mazoezi. Shirika hilohilo linataka mtu mzima aushughulishe mwili walau dakika 150 kwa wiki. Nami hutembea hadi bandani. Kurudi napanda bodaboda, maana kutembea na shibe ni hatari.

Naona mkono kule nyuma. Nesi wa zahanati anauliza: kwa nini sahani hiyo isiliwe mara moja kwa wiki, chipsi zikapunguzwa nusu, kachumbari ikajaa, soda ikawa maji, na milo mingine ikawa maharage, mchicha na matunda? Tena anadai kinacholiwa kila siku si anasa tena, ndicho chakula chako. Dada yangu, swali zuri sana, ila muda umetutupa mkono.

Nahitimisha kwa kuwasihi: anayetaka afya amfuate nesi. Anayetaka falsafa anifuate mimi bandani, maana siku ya mhadhara nayo ni siku maalumu.