Kanyaga, Shika, Achia

Vitabu vya ufundi wa magari vina sentensi moja fupi iliyowagharimu watu wengi: kufunga ni kinyume cha kufungua. Aliyeiandika hakuwa na shemeji. Wa kwangu, kaka wa mke wangu, ni mhasibu, na anaamini kwamba mafundi wote wa Mwanza ni wezi mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Breki zake za mbele zilipoanza kulia, aliangalia video kwenye simu, akanunua pedi mpya, akaazima jeki, na Jumamosi asubuhi gari likawa limeinuliwa mbele ya nyumba yangu hapa Isamilo, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee tambarare katika ukoo mzima.

Kubadilisha pedi si kazi ya kutisha. Unatoa tairi, unafungua kalipa, unairudisha pistoni ndani, unapachika pedi, unafunga. Kasoro ya shemeji ni kwamba hajui kuacha. Aliona kalipa zimeshika kutu, akazing'oa zote mbili, akazisugua kwa brashi ya waya, akazipaka rangi nyekundu, ile ya magari ya mashindano, akazianika juu ya gazeti. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Zilipokauka akazifunga, akaunga mipira ya breki, akajaza oili, akaniita nikanyage pedeli.

Asiyewahi kutoa upepo kwenye breki hajui undugu unavyopimwa. Mmoja anakaa kwenye usukani. Mwingine analala chini kwenye gurudumu na spana namba 10, kimpira chembamba na chupa tupu ya maji. "Kanyaga!" Nakanyaga. "Shika!" Nashika. Analegeza nati ya upepo, oili inachuruzika kwenye chupa, pedeli inazama, anakaza. "Achia!" Ukiachia kabla nati haijakazwa, hewa inanyonywa ndani na mnaanza upya.

"Shemeji, umeachia?"

"Sijaachia."

"Mbona naona kama umeachia?"

"Wewe umekaza?"

"Nimekaza wakati unaachia."

"Si nimekwambia sijaachia!"

Mke wangu alitoka na chai, akasikiliza kidogo, akarudi nayo ndani.

Chupa ya oili iliisha, ikafunguliwa nyingine. Pedeli ilibaki vilevile: ukikanyaga, ni kama umekanyaga papai lililoiva, mguu unakwenda mpaka karibu na sakafu. Ukiipampu harakaharaka inapanda na kuwa ngumu. Ukiiacha ipumzike, inalala tena. Shemeji akatangaza kwamba itakaa sawa yenyewe ikitembea, na kwamba tushuke nayo mjini tukaijaribu. Anayeufahamu mteremko wa Isamilo hatauliza kwa nini nilichukua ufunguo nikautia mfukoni.

Hapo baraza likaketi. Gari lenye boneti wazi halihitaji kuwatumia watu mwaliko. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, alisema busta imekufa. Tukaipima: injini ikiwa imezimwa, pampu mpaka pedeli iwe ngumu, mguu ubaki hapohapo, kisha washa. Pedeli ikashuka kidogo, maana yake busta ni nzima. Mzee akasema basi inakufa taratibu. Kijana wa bodaboda alishikilia kwamba ni masta silinda. Tukaipampu pedeli na kuishikilia. Haikuzama, na chini ya gari hapakuwa na tone. Mwingine alishauri tuongeze maji ya sabuni ili kuvusha siku. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Maji ya sabuni yangechemka kabla hatujafika sokoni, na mvuke wake ungetuletea papai la pili.

Mwalimu mstaafu wa fizikia ndiye aliyesema ukweli wote. Alimleta Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, akaeleza kwamba kimiminika hakikubali kubanwa lakini hewa inakubali, kwa hiyo mahali fulani kuna povu, na nguvu ya mguu wangu inaishia kulibana povu hilo badala ya kuzifikia pedi. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu hakutaja spana.

Jioni nikampigia fundi kwa siri. Alikuja mikono mitupu, jambo lililomkera shemeji papo hapo. Hakuinama kwenye gurudumu lolote. Alikaa kwenye kiti, akakanyaga, akapampu, akakanyaga tena.

"Bosi, oili inapungua kwenye kikopo?"

"Haipungui."

"Ukitoa upepo, inatoka na mapovu?"

"Inatoka safi kabisa."

"Kalipa ulizing'oa zote mbili kwa mpigo?"

Kimya. Mhasibu ameona hesabu haifungi.

Kalipa ya kushoto ilikuwa kulia, na ya kulia kushoto. Kwenye gari hilo zinaingia bila ugomvi wowote, boliti zinakubali, mipira inafika. Kinachobadilika ni kimoja tu: nati ya upepo, ambayo inapaswa kuwa juu, inakuwa chini. Na hewa hupanda juu. Mchana kutwa tulikuwa tunamwaga oili safi kutoka chini, huku povu limekaa juu likitusikiliza tunavyogombana.

"Video haikusema," shemeji akajitetea.

Fundi akazibadilisha, nati zikatazama juu. Kanyaga, shika, achia: mapovu yakatoka kwa fujo, kisha pedeli ikasimama juu, ngumu. Oili ya breki hula rangi, kwa hiyo ule wekundu ulikwisha kubanduka vipandevipande. Fundi akasuuza mabaki kwa maji bila kuuliza yalikuwa ya nini. Alidai pesa ndogo sana. Shemeji alinuna kuliko angedaiwa nyingi, maana nadharia yake ya wezi ilikosa ushahidi.

Wiki hii anasema klachi inateleza, na video ameshaipata. Ndugu msomaji, kama Jumamosi una harusi, kipaimara, msiba, hata kikao cha wazazi shuleni, tafadhali nialike. Si lazima tuwe tunafahamiana.