Kamati ya Diski

Katika ukoo wetu hakuna anayepinga kunakili mafaili. Tunachopinga ni kuyanakili kabla hatujakubaliana yanakiliwe kwa programu gani, na kukubaliana si desturi yetu.

Shangazi ana duka la steshenari Sinza, lenye kompyuta moja inayobeba mtaa mzima: mitihani ya majaribio, kadi za michango, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi. Diski yake ilipoanza kugonga ka-ka-ka, fundi aliitegea sikio, akatoa hukumu: nunua SSD, uhamishe kila kitu kama kilivyo, yaani ukloni. Jioni ile ile likaundwa kundi la WhatsApp. Mwenyekiti akawa baba mkubwa, katibu akawa mtoto wa shangazi anayesoma chuo. Mweka hazina hakuchaguliwa, maana hazina yenyewe haikuwepo.

Baba mkubwa alifungua kikao kwa kupendekeza Norton Ghost. Enzi za utumishi wake aliona chumba kizima cha kompyuta kikifufuliwa nayo mchana mmoja. Katibu akamjulisha kwa adabu kwamba Norton Ghost iliacha kuuzwa mwaka 2013. Baba mkubwa akajibu kwamba hata yeye alistaafu mwaka huo huo, na bado anategemewa.

Kaka yangu akaleta Macrium Reflect, toleo la bure. Tuliisifu sana. Tulipokwisha kuisifu, ikabainika kwamba toleo hilo lilifikishwa mwisho wake mwanzoni mwa 2024, na sasa programu yenyewe ni ya kulipia. Kundi likawa kimya, kama ilivyo kawaida yake likisikia neno kulipia.

Katibu akapata nafasi ya kuinadi Clonezilla. Ni ya bure kweli, inatoka Taiwan, na haina haja ya Windows kuwaka: unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kutoka humo humo. Tukaenda dukani kuiona. Ni maandishi matupu, mausi haitambuliki, na diski hazina majina ya kibinadamu. Ya kwanza inaitwa sda. Shangazi akavaa miwani.

“Mwanangu, sisi Walutheri. Hawa SDA wameingiaje kwenye diski yangu?”

Akaelezwa kwamba sda ni diski kuukuu na sdb ni mpya, na kwamba hapo ndipo penye hatari. Kila programu ya kukloni, iwe ya bure au ya fedha, lazima iulize chanzo ni kipi na inakopeleka ni wapi. Ukigeuza majibu, inaweza kunakili utupu wa diski mpya juu ya mafaili yako yote kwa uaminifu mkubwa, kisha ikakutangazia kwamba kazi imekamilika.

Hatukufika huko. Diski kuukuu ilikuwa ya gigabaiti 500, mpya ya 480, na Clonezilla kwa kawaida haikubali kukloni kwenda kwenye diski ndogo kuliko ya mwanzo. Shangazi alilalamika kwamba mafaili yake hayajai hata robo. Haikusaidia: inapima ukubwa wa chumba, haihesabu vyombo vilivyomo. Baya zaidi, Windows ilipoifungua ile mpya ikaonyesha 447. Muuzaji huhesabu gigabaiti kwa maelfu, Windows hugawanya kwa 1024, basi. Lakini maelezo hayo hayakumzuia shangazi kurudi Kariakoo alikoinunua kudai gigabaiti zake 33.

Fundi aliposikia tumekwama akaja na flashi yake, iliyosheheni programu za kulipia zilizokrakiwa. Antivirusi ilipiga kelele kabla hajakaa kwenye kiti. Akasema izimwe, maana ina wivu.

Wiki zilikuwa zinapita na diski inaendelea kugonga. Ndipo nilipoelewa kwamba kulinganisha programu ndiyo njia yenye heshima kuliko zote ya kutofanya kazi. Ukilala utaitwa mvivu. Ukilinganisha utaitwa mtaalamu.

Shangazi ndiye aliyetutoa huko. Aliitisha kikao dukani saa za kazi, mteja akiwa amesimama kaunta.

“Kaka, nisikilize,” alimwambia baba mkubwa. “Tangu nifungue duka hili hajaja mteja kuniuliza natumia programu gani. Wanakuja kuniambia, mama, nipe ile kadi ya mwezi uliopita. Sasa nakilini kwanza, kisha nafuta kadi moja. Atakayeirudisha ndiye nitakayemsikiliza.”

Mtihani huo ulipunguza wataalamu haraka. Kloni ni diski pacha ya siku ile uliyoikloni: virusi vilivyokuwepo vinahama navyo, na kadi iliyofutwa kabla ya hapo haitakuwepo. Clonezilla inaweza pia kuhifadhi diski nzima kama faili, yaani imeji, lakini kuchomoa humo kadi moja bila kurudisha partisheni nzima ni kazi ya usiku kucha. Programu moja ya kulipia ilifungua imeji yake kama folda ya kawaida, kadi ikaburutwa nje, na mteja hakupata hata nafasi ya kuangalia saa. Ikabana na partisheni zenyewe mpaka zikaenea kwenye 447.

Baba mkubwa, kama mwenyekiti, alilipa ada ya mwaka na kuomba risiti iandikwe jina la kamati. Kamati haijavunjwa. Sasa inajadili nani atachomeka diski ya nje kila Ijumaa jioni kwa ajili ya bekapu, na hadi tunakwenda mitamboni jina lililopendekezwa ni moja tu, la mtu ambaye siku hiyo hakuhudhuria.